Singeli inafungiwa, wimbo wa unyago haufungiwi. Tuliseme hili wazi

#1 FundiSpika

Wakuu habari za jioni.

Mimi nakodisha muziki kwenye shughuli, Mbagala na Temeke yote, mwaka wa kumi na moja sasa. Spika nne, miksa, jenereta na kijana mmoja wa kunisaidia kubeba. Ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye harusi. Saa kumi na moja jioni watoto wamejaa mbele ya turubai, nimeweka singeli, ule muziki wa mbio wa vijana wa uswahilini Dar, vumbi linapanda. Akaja mama mmoja mtu mzima, kajitanda kanga yake vizuri, akasimama mbele ya meza yangu: "Baba, hebu toa huo uchafu, hapa pana wakwe." Nikatoa. Nikaweka taarabu ya zamani, akarudi kukaa. Saa nne usiku mama huyohuyo yuko ndani na mwali, mlango umefungwa, ngoma inapigwa, na dirisha la kile chumba lilikuwa nyuma ya jenereta yangu. Wakuu, yaliyoimbwa mle siwezi kuyaandika hapa. Kila kiungo kilitajwa kwa jina lake, na kazi yake, na jinsi ya kukitunza. Ile singeli niliyoamriwa niitoe ilikuwa kama kaswida mbele ya yale.

Sisemi yule mama ni mnafiki. Nimelifikiria jambo hili wiki nzima na ndiyo maana nimeleta uzi. Kama tatizo ni maneno, mbona maneno makali zaidi yanaimbwa na watu wenye heshima zao, wamevaa dhahabu, na hakuna anayeita polisi?

Tuangalie yaliyotokea hapa kwetu. Mei 2016 Wizara ilifungia video ya "Chura" ya Snura na kumzuia kupanda jukwaani mpaka ajisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Mwishoni mwa Februari 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikavitaka vituo vya redio na televisheni viache kupiga nyimbo zaidi ya kumi kwa mpigo, Chura ikiwemo tena, na "Hallelujah" ya Diamond, na "Kibamia" ya Roma, na "Hainaga Ushemeji" ya Man Fongo. Novemba mwaka huohuo ikafuata "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond. Hii ya mwisho ndiyo inayonikaa kichwani. Kosa lake lilikuwa kulichezea jina la Nyegezi. Nyegezi ni mahali, mtu wa Mwanza analitaja kila siku akienda kupanda basi. Wimbo ulilikata jina katikati, nusu ya kwanza ikabaki inaning'inia, nchi nzima ikasikia neno ambalo halikutajwa kamili. Walipouimba tena jukwaani Desemba, wakazuiwa wote wawili kufanya maonyesho kwa muda usiojulikana, wakaomba radhi, Januari 2019 wakafunguliwa.

Sasa kulikata neno ili msikilizaji alimalizie mwenyewe, hiyo si fumbo? Na fumbo si ndilo tulilofundishwa kwamba ndiyo ustaarabu wa Mswahili? Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki Aprili 2013, dunia nzima ilimpigia makofi na serikali ilimzika kwa heshima. Yule bibi alikuwa somo, kawafunda wali wa unyago miaka na miaka, na yale aliyoyaimba hakuna redio ingeyapiga mchana.

Mawazo yangu: hasira hazilifuati neno. Zinamfuata aliyelisema. Mtu mzima akilisema ni mafunzo, kijana wa Manzese akilisema ni uhuni. Karibuni.

#2 MtotoWaTandale

Mkuu umenena. Ongeza na hili: singeli ilichukiwa kabla haijafungua mdomo. Waliotutangulia walipiga mchiriku kwa vinanda vidogo vya Casio na spika za mkutano wa hadhara, wakaitwa wahuni. Jagwa Music wametoka hukohuko. Halafu ikaja singeli na vigodoro vyake, zile ngoma za usiku za mtaani, ikaitwa muziki wa vibaka. Sikiliza vizuri wanachoimba: kodi ya chumba, mwanamke kaondoka na bodaboda, rafiki kamgeuka mwenzie. Kuna za matusi, ndiyo, sikatai. Lakini chuki ilikuwa kwa mtaa, na mtaa ukasikika ndani ya wimbo.

Ushahidi ni huu. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, ilitoa mkusanyiko wa kazi za Sisso, studio ya Mburahati. Vijana wakaanza kuitwa Ulaya kwenye matamasha makubwa. Hapo ndipo watu wa mjini kwetu wakaanza kusema "singeli ni utambulisho wetu". Biti ni zilezile, mbio zilezile za zaidi ya 200 kwa dakika, vijana walewale. Kilichobadilika ni nani kapiga makofi kwanza.

#3 MamaWawili_Kigamboni

Nimesoma yote mawili kwa makini na napinga, kwa heshima.

Mwanangu wa kike ana miaka sita. Mwezi uliopita tulikuwa kwa bibi yake Kibaha, akasimama katikati ya sebule akaimba ubeti mzima wa wimbo ninaousikia kwenye daladala kila asubuhi, na kiuno akakizungusha kama alivyoona. Bibi yake akanyamaza. Baba yake akatoka nje. Mimi nikabaki natazama sakafu. Mtoto hakujua kafanya nini, akaanza kulia kwa sababu hakuna aliyempigia makofi.

Mimi nimechezwa unyago. Nimekaa ndani, nimeyasikia hayo unayosema, nimefundishwa, na siyaonei haya. Lakini mleta uzi hujaona tofauti, na ulikuwa umesimama karibu nayo kabisa. Unyago una mlango. Ulisema mwenyewe mlango ulikuwa umefungwa. Anayeingia ameitwa, umri wake umefika, na yuko na somo wa kumwambia hili linasemwa hapa na likitoka nje linabaki hapa. Daladala haina mlango wa namna hiyo. Mimi sikumpeleka mwanangu kwenye kigodoro, kigodoro kimemfuata kwenye siti ya shule.

Kwa hiyo usiseme tunachukia watu wa Manzese. Mimi nimezaliwa Mburahati.

#4 FundiSpika

Mama Wawili, nimekusoma mara tatu. Hilo la mlango limenishika. Ngoja wengine waje kwanza.

#5 ShangaziWaPongwe

Hodi wanangu. Mimi ni mtu wa Tanga, umri umekwenda, mjukuu ndiye kanionyesha uzi huu.

Huyo wa Kigamboni kasema kweli, na nitamwongezea. Mnaijua baikoko, ngoma yetu ya kiuno ya Tanga. Mimi nimeicheza uani, kina mama watupu, kanga moja, na mpigaji ngoma anajua mipaka yake. Siku ilipotoka uani ikaenda baa, ikawekewa kiingilio na wanaume wamekaa na chupa, ikawa kitu kingine. Kiuno ni kilekile. Mimi mwenyewe nilikasirika, na siye mtu wa kukasirishwa na kiuno.

Lakini na wewe fundi usivunjike moyo, maana umeshika nusu ya jambo. Wenye kumsema aimbaye, tangu zamani waliangalia kwanza katoka wapi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alizaliwa Fumba, wazazi wake watu wa chini, kauza vyungu kwa miguu. Alipoingia mjini na sauti ile, watu walimtungia wimbo wa kumcheka: kaja na kaniki, hana sura, pasipo sauti angekula nini. Yeye akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri na ukoo si hoja, hasara ni kukosa akili. Mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi, akaimba kwa Kiswahili, na sahani zake zikapigwa pwani yote.

Na mnajua aliimba nini? Si mapenzi peke yake. Kaimba habari ya Kijiti, yule aliyemuua mwanamke mjamzito mgeni wa kutoka Dar es Salaam kisha akatoroka, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio wakaadhibiwa na mahakama ya Mwingereza. Wimbo ule ulikuwa unamtukana hakimu bila tusi hata moja. Sisi wasichana tukiusikia kwa mama zetu tulijua kuna jambo limeharibika mahakamani, kabla hatujajua mahakama ni nini.

#6 KijanaWaLikoni

Salamu kutoka Mombasa. Naomba niulete mfano ambao utawatatiza wote wawili, mleta uzi na Mama Wawili.

Hapa kwetu Kenya gengetone, muziki wa vijana wa mitaa ya Nairobi, ilipoingia 2018 na Ethic na "Lamba Lolo", kisha Sailors na "Wamlambez" mwaka uliofuata, Ezekiel Mutua wa bodi ya filamu alikuwa kila siku kwenye vyombo vya habari. Sisi vijana tulimwona mzee anayechukia Eastlands, mitaa ya watu wa chini ya Nairobi. Mambo yenu na Manzese ni yaleyale.

Lakini 2019 Ethic wakatoa "Tarimbo". Wimbo ule ulikuwa unazungumzia kumwingilia mwanamke kwa nguvu, na ukaufanya mchezo. Waliopiga kelele safari hii hawakuwa Mutua peke yake, walikuwa wanawake, wengi wao mashabiki wa gengetone yenyewe, wanaoijua sheng kuliko mimi. Ethic wakaomba msamaha na video ikatolewa mtandaoni.

Sasa nauliza. Mleta uzi, hapo hasira ilimfuata aliyesema, au ilichosemwa? Na Mama Wawili, je, wimbo ule ungekuwa sawa kama ungeimbwa nyuma ya mlango? Mimi nasema la. Kuna maneno mlango hauyasafishi. Mafunzo ya mwali humsemesha mwanamke mwenyewe. Wimbo ule ulimwondoa mwanamke, ukabakisha mwili. Dada yangu alikuwa nyumbani ulipopigwa kwa jirani. Akafunga dirisha. Dada yangu hajawahi kulifungia dirisha wimbo wa matusi, huwa anacheka.

#7 MtotoWaTandale

Kijana wa Likoni, hapo nakubaliana nawe bila kupinga. Ila angalia, kelele za Mutua kwa nyimbo zote zilizotangulia ndizo zilizofanya wengine wasisikilize la Tarimbo. Ukiita kila kitu uchafu, siku uchafu wenyewe ukifika huna neno la kuuita.

#8 MtuWaRedio

Mimi nimefanya kazi redioni, kituo sikitaji. Nataka muijue hasira ya aina nyingine, ile isiyotoka sebuleni kwa mtu.

Machi 2017, msanii wa rap Nay wa Mitego alitoa "Wapo". Hakuna kiuno mle, hakuna kiungo. Kuna maswali kwa wakubwa. Tarehe 26 akakamatwa Morogoro, BASATA ikaufungia wimbo kwamba hauna maadili. Siku iliyofuata waziri mpya wa habari, Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli kaupenda wimbo, msanii aachiwe na uendelee kupigwa, na aongeze humo wakwepa kodi. Sisi studio tulikuwa tumeshautoa kwenye orodha asubuhi, jioni tukaambiwa turudishe. Mstari uleule, siku moja haramu, siku ya pili halali.

Hasira ya Mama Wawili naiheshimu, ina mtoto ndani yake. Hasira hii nyingine huazima maneno ya mama, "maadili", "mila na desturi", ikayavaa. Ukinyimwa karatasi ya kuzuia wimbo wa siasa, unaandika "lugha isiyofaa" na kazi inaisha. Ndiyo maana mimi nikisikia wimbo umefungiwa huwa nautafuta kwanza nijue katika hizi mbili ni ipi.

Na tusidhani ni sisi tu. Mwaka 1978 utawala wa Mobutu kule Zaire, Kongo ya leo, ulimtia ndani mwanamuziki Franco kwa nyimbo za matusi zilizokuwa zinatembea kwa kaseti, hata redioni hazikupigwa. Mwaka 1984 Franco huyohuyo akaimba wimbo mrefu wa kampeni ya Mobutu, ukapigwa mpaka watu wakaujua kwa moyo.

#9 ShangaziWaPongwe

Mtu wa redio, mwanangu, umesema jambo. Lakini kuna moja mmelisahau nyote: zamani wenye kukasirika walijibu kwa kuimba.

Miaka ya tisini vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano vilikuwa vikirushiana maneno, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule. Watu walijaa kusikia nani kajibiwa nini. Mipasho ile ilikuwa mikali, mtu alitoka ukumbini analia, na wiki ya pili anarudi na kanga mpya ina jibu lake. Wapo waliosema taarabu imeharibiwa, imeshuka, kina Siti wangelia. Nikawaambia someni Siti alivyosemwa.

Hasira iliyojibiwa kwa wimbo ilitupa nyimbo. Iliyojibiwa kwa barua ya ofisini haijatupa kitu.

#10 MamaWawili_Kigamboni

Shangazi shikamoo. Hilo ni zuri, ila mwanangu wa miaka sita hawezi kumjibu mtu kwa mpasho. Nani anamjibia?

Mtu wa Redio, nakubali karatasi zinatumika vibaya. Lakini ukiniambia tusiwe na karatasi yoyote, nitakuuliza nani atamwambia kondakta apunguze sauti. Nilimwambia mimi mwenyewe, akaniambia mama panda bajaji.

Kijana wa Likoni, umenijibu vizuri, na nimebadilika kidogo. Nilikuwa nasema mlango unatosha. Hautoshi. Nilikaa nikajiuliza, katika yale niliyofundishwa ndani, lipo ambalo lilikuwa linanionea? Lipo moja. Sitaliandika. Lakini somo wangu aliliimba kwa sauti tamu kabisa, na mimi nikalipokea kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na hakuna wa kuuliza.

#11 FundiSpika

Nimerudi wakuu. Nilianzisha uzi nikiwa na jibu moja, sasa naliona limepungua.

Nilisema hasira humfuata aliyesema. Bado naamini hivyo kwa singeli. Nimeona polisi wakija kuzima muziki wangu Mbagala saa tatu usiku, na wiki hiyohiyo nimekodishwa ufukweni, kwenye hoteli, tumepiga mpaka alfajiri na maneno ni hayohayo. Hili hakuna atakayeniambia ni maadili.

Lakini Mama Wawili kanionyesha kwamba mimi nina spika nne na yeye hana hata moja. Mimi ndiye ninayeamua mtaa mzima usikie nini. Nimekuwa nikijiona mtu wa chini anayeonewa, kumbe kwa mtoto aliyelala nyumba ya tatu mimi ndiye serikali. Sijawahi kuliona hivyo.

Basi nikajaribu. Jana nilikuwa na shughuli Mtoni Kijichi. Nikakaa na mama mwenye shughuli kabla ya kufunga nyaya, nikamwambia flashi yangu nimeigawa mafungu mawili: ya jioni ina singeli za maisha, Msaga Sumu na wenzake, zile za kodi na marafiki wabaya, ya usiku ina zile nyingine, nitapiga watoto wakishaondoka. Akafurahi. Akaniambia miaka yote hii hakuna mwenye muziki aliyewahi kumuuliza.

Kasoro ilikuja usiku. Kibali cha serikali ya mtaa kiliniruhusu mpaka saa nne. Watoto wa uswahilini mnawajua, saa nne ndiyo kwanza wanaanza kusinzia. Saa nne kamili mjumbe akaja akasimama pale. Nikazima. Vijana wakanifokea kwamba nimewanyima muziki wao, na wana haki, maana wao walichanga pia.

#12 MtotoWaTandale

Unaona sasa. Jioni watoto, usiku kibali. Singeli ya watu wazima ipigwe lini? Mwenye hela ana ukumbi wenye kuta na kiyoyozi, anafunga mlango anaimba anachotaka. Mama Wawili anasema unyago una mlango. Sisi chumba kimoja watu sita, mlango tuutoe wapi? Kigodoro kiko barabarani kwa sababu hakuna pengine pa kukiweka.

#13 MamaWawili_Kigamboni

Hilo sikuwahi kulifikiria kwa upande huo. Sina jibu lake leo.

Fundi, hizo singeli za fungu la jioni, naomba majina yake. Mwanangu anapenda mbio za ile ngoma, na sitaki ajue kwamba siku ile Kibaha tulimnyamazia kwa sababu ya kucheza. Nitacheza naye.

#14 FundiSpika

Nakuandikia orodha kesho asubuhi nikitoka kurudisha jenereta. Nitazisikiliza zote mwanzo hadi mwisho kwanza, maana kuna moja nimeipiga miaka mitatu na ubeti wa mwisho sijawahi kuusikia vizuri.

#15 ShangaziWaPongwe

Nitumie na mimi.